Hukucheza Ligi Kuu na unataka kufundisha timu ya chuo: uanze na leseni, benchi au darasa?

Ukitamka hapa Zanzibar kwamba unataka ukocha, suali la kwanza utakalokutana nalo ni "Ulichezea wapi?" Ukijibu KMKM, Malindi au Mlandege, mazungumzo yanaendelea. Ukijibu timu ya maskani yenu, watu wanatabasamu kidogo kisha wanabadilisha mada.

Kwenye klabu za Ligi Kuu suali hilo lina mantiki yake, kwa sababu wachezaji hulipima kwanza jina la mwalimu kabla ya kumsikiliza. Chuoni linapungua uzito. Mchezaji wa timu ya chuo ni mwanafunzi wa ualimu au wa uhasibu, akimaliza mwaka wa tatu anaondoka na anakuja mwengine. Nani alifunga bao kwenye fainali ya Mapinduzi miaka kumi iliyopita hakumshughulishi sana. Anataka kujua kama mazoezi ya leo yapo, kama mipira ina upepo, na kama mwalimu atamwelewa akisema kesho ana jaribio saa mbili asubuhi. Ndiyo maana nasema mtu asiye na historia ya uchezaji ana nafasi nzuri zaidi chuoni kuliko pengine popote katika michezo yetu. Na vyuo vipo: Tunguu peke yake ina SUZA, Chuo Kikuu cha Zanzibar na Chuo cha Utawala wa Umma, Chukwani ipo SUMAIT, Mbweni ipo Taasisi ya Karume, na Pemba kuna kampasi ya SUZA ya Benjamin Mkapa kule Mchangamdogo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba njia za kuingilia ni kadhaa, na kila unayemuuliza anakusifia ile aliyopita yeye. Nalinganisha nne: leseni, benchi, darasa na timu za chipukizi. Mbili za mwanzo nitazikalia zaidi, maana huko ndiko wengi wanakokwama.

Kabla ya hapo, tahadhari kuhusu ushauri unaosambaa mitandaoni. Mwingi unatoka Marekani, ambako kufundisha timu ya chuo ni ajira kamili yenye mshahara, na kijana asiye na jina huanza kama kocha msaidizi huku akisoma shahada ya pili. Kule hata cheo cha kocha wa kujitolea kimefutwa: NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo, ilikiondoa kwenye daraja lake la kwanza mwaka 2023. Kwetu kujitolea ndiko mlango wenyewe ulipo. Soma ushauri wao wa mbinu na mazoezi, lakini wa ajira usiupangie maisha.

Leseni kwanza

Kwa mpira wa miguu ngazi za leseni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, zinajulikana: D, C, B, A, halafu Pro. Kozi za chini hupitia shirikisho la mpira la nyumbani, yaani ZFF kwa hapa na TFF kwa Bara. D ndiyo ya kuingilia.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba leseni inalijibu kwa namna nyengine lile suali la ulichezea wapi. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi haina namna ya kupima kama unaujua mpira au unasimulia tu, lakini karatasi yenye muhuri inaielewa. Halafu kozi yenyewe inafundisha. Watu wengi waliokulia mpira wa mtaani wanadhani mazoezi ni kukimbia mizunguko mitano, kupiga mashuti golini, kisha kugawana timu mbili. Kozi inakulazimisha uchague lengo moja kwa siku, upashe misuli kwa mazoezi yanayoelekea lengo hilo, uweke zoezi kuu, umalizie na mchezo mdogo ambao ndani yake lengo lile linaonekana. Ukilishika hilo tu, umeshawapita wengi waliocheza miaka kumi bila kujiuliza kwa nini mwalimu wao aliweka koni pale alipoziweka.

Asiyecheza kiwango cha juu huogopa sehemu ya vitendo, pale unapopewa mada na makocha wenzako wanasimama kuwa wachezaji wako. Khofu hiyo imezidi kipimo. Pasi ya mita kumi ya ndani ya mguu utaiweza ukiifanyia mazoezi, na kwa yale magumu mteue aliye bora katika kundi aoneshe, wewe ueleze. Kinachotazamwa zaidi ni kama unaona kosa, unasimamisha zoezi kwa wakati, unasahihisha kwa maneno machache na kuliachia liendelee. Wakongwe wengi huchemka hapo, kwa sababu wamezoea kufanya wenyewe, si kueleza.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Kozi haiji unapoitaka wewe, inakuja inapoitishwa, na nafasi huwa chache. Kuna ada, kuna siku za kazi unazozikosa, na anayetoka Pemba anaongeza boti na mahali pa kulala Unguja. Baya zaidi ni lile la baada ya kozi. Kupanda kutoka ngazi moja kwenda nyengine kunataka muda wa kufundisha katikati, na fomu kwa kawaida inakuuliza unafundisha timu gani. Nawajua vijana wenye D nzuri iliyolala ndani ya bahasha kwa sababu hawakuwa na timu kabla ya kozi, na baada yake wakakaa kusubiri kuitwa.

Na usipigwe na tamaa ya herufi. Leseni A ni habari ya klabu zinazokwenda kwenye mashindano ya Afrika. Timu inayocheza na chuo jirani haihitaji zaidi ya D au C.

Benchi kwanza

Njia hii ni ya kuingia kwenye timu kwa kazi ambayo hakuna anayeigombea: meneja wa timu, mtunza vifaa, au mtu wa kurekodi na kuandika takwimu. Julian Nagelsmann aliumia goti, akaacha kucheza akiwa na miaka 20 tu, na klabu yake ya Augsburg ikamtumia kwenda kuwachunguza wapinzani kwa niaba ya kocha wa timu yake ya pili, Thomas Tuchel. Mwaka 2016, akiwa na miaka 28, alikabidhiwa Hoffenheim katika ligi kuu ya Ujerumani. Kwenye mpira wa kikapu, Erik Spoelstra hakuwahi kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Aliingia Miami Heat mwaka 1995 kwenye chumba cha video, akawa kocha mkuu mwaka 2008, na akabeba ubingwa mwaka 2012 na 2013. Usinielewe vibaya, Tunguu hakuna chumba cha video. Kilichopo ni simu yako.

Kazi yenyewe inaweza kuwa hivi. Mechi za vyuo hazina kamera, kwa hiyo ukipanda juu ya jukwaa la uwanja wa Mao Zedong, usawa wa mstari wa kati, ukaweka simu kwenye kistendi, tayari umeleta kitu ambacho timu haikuwa nacho. Mkononi uwe na daftari la mistari, na ndani yake jambo moja tu la kuhesabu. Tuseme ni mpira unaopotea nusu yenu ya uwanja: dakika, mchezaji, namna ulivyopotea. Ikifika mapumziko unatazama na kuona dakika ya 10, 17, 23 na 31 mpira umepotea kwa beki wa kulia, na mara zote nne kipa ndiye aliyempa huku winga wao ameshamkaribia. Unashuka, unamwambia mwalimu sentensi moja: kipa aache kumchezea beki wa kulia, aanzie kushoto. Usimpe kurasa tatu. Ana dakika kumi na tano, wachezaji wanakunywa maji, na mmoja analalamika viatu vinambana.

Ukifanya hivyo mechi tatu nne, mwalimu ataanza kugeuka kukutafuta mwenyewe.

Upande wa pili wa benchi hauna raha kama huo, ila ndio unaokupa timu. Orodha ya wachezaji na vitambulisho vyao vya chuo. Barua ya kumwombea mchezaji ruhusa kwa mhadhiri. Gari la kwenda na kurudi. Bips zimefuliwa au bado. Kalenda, na hapa pana utaalamu wake: mwaka wa chuo ukiutoa mitihani, mapumziko na Ramadhani, wiki za kufanya kazi ya maana ni chache kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa Ramadhani wengine hufanya mazoezi mepesi kabla ya futari, wengine husubiri baada ya tarawehe. Mtu anayejua mapema lini timu itakuwa kamili na lini itakuwa na watu saba, huyo anaweza kupanga. Kocha wa chuo mara nyingi ni mtu wa posho mwenye klabu yake pembeni. Siku klabu yake inacheza Gombani kule Pemba, nani atasimamia mazoezi ya chuo? Yule mwenye daftari na funguo za stoo.

Ubaya wa njia hii ni kubaki kijana wa mipira miaka nenda rudi. Dawa yake ni kuomba eneo lako mapema, kwa adabu lakini waziwazi:

"Mwalimu, muhula huu niachie kona na mipira iliyokufa."

"Haya kijana. Lakini tukifungwa kwa kona nitakutafuta wewe."

Ukipata hilo umepata kitu cha kupimiwa. Wengine wapewe makipa, au kupasha misuli, au timu ya pili. Chochote chenye mpaka unaoonekana kinafaa, kwa sababu "msaidizi" asiye na eneo hana la kuandika kwenye fomu ya leseni.

Na pesa? Hakuna, au ipo nauli siku za mechi. Ukikaa Mkokotoni na chuo kiko Tunguu, piga hesabu ya daladala kabla hujaahidi siku nne kwa wiki. Siku mbili zisizokosekana zinakujengea jina kuliko nne za kusuasua.

Darasa

Bara kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu inayohusu elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Njia hii ina mashahidi wake pia: Carlos Alberto Parreira hakucheza mpira wa kulipwa, alisomea elimu ya viungo, miaka ya 1960 akiwa kijana akaja kufundisha Ghana, na mwaka 1994 akaipa Brazil Kombe la Dunia.

Sitairemba. Ni miaka kadhaa nje ya kisiwa. Kama unachotaka ni ajira, yaani kuwa afisa michezo au mwalimu wa elimu ya viungo mwenye pensheni, hakuna njia nyengine inayoifikia. Kama unachotaka ni kusimama na filimbi saa kumi jioni, ni mzunguko mrefu mno. Na mwenye shahada ya elimu tayari asirudi kuanza upya kwa ajili ya hili.

Chipukizi wa mtaani na skuli

Hapa nasemea timu za Juvenile na Central, yaani madaraja ya vijana mitaani, au timu ya skuli. Arrigo Sacchi, aliyekuwa akiuza viatu katika biashara ya baba yake, alianza na timu ya mji wake mdogo wa Fusignano, akapitia vijana wa Cesena na wa Fiorentina, akafika Milan mwaka 1987 na kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Mtaani utajaribu zoezi likaharibika na hakuna atakayeandika. Isitoshe, watoto wa miaka kumi na sita unaowafundisha leo ndio watakaokuwa chuoni baada ya miaka michache, na watakutaja.

Gharama yake ni mfuko wako. Mpira unanunua wewe, maji unanunua wewe, na mzazi akija kuuliza kwa nini mwanawe amerudi na goti limechubuka, anakuja kwako. Vyuo navyo havikuoni huko. Naipenda zaidi kama nyongeza ya benchi kuliko kama njia kamili.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa fedha, benchi ndiyo rahisi zaidi kuanza na darasa ndiyo ghali zaidi. Leseni iko katikati, ila inatoka kwa mkupuo, wakati chipukizi inakumega kidogo kidogo bila kujua.

Kwa muda, benchi inakuingiza uwanjani wiki hii hii. Leseni inategemea kozi itakapoitishwa.

Kwa kuaminiwa, ndipo panapokuwa na mvutano. Ofisi inaamini karatasi, wachezaji wanaamini anayekuja kila siku. Ukiwa na karatasi bila mahudhurio, wachezaji watakuita mwalimu kwa heshima tu na kumsikiliza nahodha. Ukiwa na mahudhurio bila karatasi, siku chuo kikiamua kumlipa mtu posho, kitamtafuta mwenye karatasi na kukuomba umpokee vizuri. Nimeliona hilo likitokea kwa mtu aliyebeba timu mabegani. Kwa hiyo mimi napanga hivi: benchi kwanza, leseni D ndani ya msimu wa pili, tena ukiwa na barua ya chuo mkononi inayothibitisha unafundisha. Barua hiyo ndiyo inayojaza ile nafasi kwenye fomu ya kozi ambayo wengi huiacha wazi.

Mchezo gani?

Hapa watu hawafikirii kabisa, na huenda ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Foleni ya ukocha wa mpira wa miguu ni ndefu na imejaa wachezaji wa zamani. Michezo ya vyuo lakini inataka pia netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha, na huko mara nyingi timu inafundishwa na nahodha wake kwa sababu hakuna mtu mzima aliyejitokeza. Asiye na jina akijitokeza kwenye wavu, hakuna wa kumuuliza alichezea wapi, maana hakuna wa kushindana naye.

Kozi zipo pia. FIVB ina ngazi zake za makocha wa wavu, FIBA ina zake za kikapu, na kozi nyengine hupata ufadhili wa Olympic Solidarity, mpango wa misaada wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kupitia Kamati ya Olimpiki Tanzania. Taarifa zake hazifiki mitaani kama za mpira wa miguu. Jisogeze kwenye vyama husika, kama CHANEZA kwa netiboli, na Baraza la Michezo, uandike jina lako kabla tangazo halijatoka.

Kwa wanawake nafasi ni pana zaidi. Hijabu si kizuizi tena kwenye sheria: FIFA iliruhusu kufunika kichwa mwaka 2014, na FIBA mwaka 2017. Chuo kinapotaka kupeleka timu ya wasichana Pemba kwa siku tatu, mlezi wa wanafunzi anapata usingizi zaidi akiwa na mwalimu mwanamke kwenye msafara, na wazazi nao hali kadhalika. Dada anayesoma hapa na anaijua netiboli ya skuli tu asisubiri leseni, aingie muhula huu. Kaka anayetaka timu ya wanawake atafute kwanza msaidizi wa kike, ndipo aandike barua.

Na ukiwa Pemba, hesabu inageuka kidogo. Vyuo ni vichache na kozi nyingi ziko ng'ambo, lakini washindani nao ni wachache, na anayefanya kazi vizuri Chake au Wete anajulikana kisiwa kizima haraka. Hapo ningeanza na skuli na chuo kwa pamoja, na nauli ya boti niiweke akiba kwa ajili ya kozi moja tu niliyoichagua.

Sasa wewe uko wapi?

Kama bado ni mwanafunzi, usisome zaidi, nenda benchi leo jioni. Una kitambulisho cha chuo na wachezaji ni wenzako, nafasi hiyo haitarudi ukishahitimu. Kama ni mwalimu wa skuli, geuza mpango wangu: chukua D kwanza, kwa sababu timu ya kuijaza kwenye fomu unayo tayari, halafu kiendee chuo ukiwa na vyote viwili. Aliyemaliza kidato cha sita na hajaamua asome nini, huyo ndiye pekee ningemwambia aifikirie Malya kwa dhati. Mfanyakazi anayetoka ofisini saa tisa na nusu achague chuo kilicho njiani mwa nyumba yake, hata kama timu yake ni mbovu. Timu mbovu ndiyo itakayokubali mtu asiye na jina.

Wote hao wanahitaji barua moja. Iwe ukurasa mmoja kwa mlezi wa wanafunzi, nakala kwa kiongozi wa michezo wa serikali ya wanafunzi, ukitaja mchezo, siku na saa unazoweza, na kazi unayoomba kuanza nayo, iwe ndogo na iwe na jina. Klabu unayoshabikia usiitaje. Ipeleke kwa mkono Oktoba au Novemba mwaka wa masomo unapofunguliwa, wakati timu inapangwa upya na kila kitu kina upungufu. Ukiipeleka Juni utamkuta mlezi kazama kwenye mitihani, na barua yako itawekwa chini ya nyengine.